Kile Kitambaa Ulichotoka Nacho Kahama

Baba Kulwa,

Nimekitundika. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza watoto wamekula nini.

Unakumbuka ulivyoingia nacho hapa Kagongwa? Duara lenu la kuchimba dhahabu kule Geita lilikuwa limetema kidogo, ukashuka Kahama, ukaingia duka la mapazia wanakonunua matajiri, ukatoka na mita tano za kitambaa kizito, rangi ya damu ya mzee, chenye maua ya dhahabu. Mita tano, na nyumba ina madirisha manne! Hukupima wala hukuuliza. Nikafoka kwamba dirisha moja litavaa suti na mengine matatu yatabaki uchi. Ukacheka, ukasema, "Wewe tundika tuone." Mimi nikatazama tofali zetu tupu, nikasema kitu cha namna hii hakikai kwenye nyumba isiyopigwa plasta. Nikakikunja na majani ya mwarobaini, nikakifungia sandukuni.

Kila ukirudi ulikuwa unakiulizia, na mimi nakujibu plasta. Halafu kifua kikakubana, ukashindwa kurudi shimoni, ukawa mtu wa kulala pale chini ya dirisha tulilokuwa tumeziba kwa kiroba. Siku moja ukaniambia taratibu, "Mama Kulwa, kipigilie hata misumari tu. Nikione." Nikakujibu utapona, utapigilia mwenyewe. Nilidhani nakupa moyo. Mungu wangu, mimi nilidhani nakupa moyo.

Kilitoka sandukuni siku ya msiba wako. Dada yako alikuwa anatafuta cha kutandika kwenye meza ya jeneza, akakikuta. Watu wakasifu, wakasema kumbe Mama Kulwa ana vitu. Nilitamani kukichanachana mbele yao.

Plasta hatujapiga mpaka leo. Ila mwezi uliopita nilikibeba hadi Kahama kwa fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, nikamwambia nataka kitoshe madirisha yote manne. Alikipima, akaguna, akauliza ni nani huyu aliyenunua bila kupima. Nikasema ni mume wangu, marehemu. Akanivutia kiti. Akanifundisha kwamba kitambaa cha bei si lazima kijaze dirisha, kinaweza kukaa pembeni tu. Tukakikata vipande vyembamba kwa urefu, tukavishona kwenye kingo za kitambaa cha kawaida cha rangi ya maziwa. Kilichobaki kikapita juu kama mkanda, kuficha bomba la kutundikia pazia. Bomba lenyewe ni la maji, nimelipaka rangi.

Misumari nimepigilia mwenyewe. Nimejigonga kidole gumba, kucha imekuwa nyeusi, na nilipokuwa nakinyonya kidole nikajikuta nakuita kwa sauti uje kunishikia ngazi.

Nyumba imependeza, Baba Kulwa. Mgeni akiingia haoni tofali, anaona madirisha. Jirani alidhani nimepata mwanaume mwenye fedha. Nikamwambia ni yuleyule wa zamani. Asubuhi jua likipita kwenye dirisha lile la kwako, rangi inaangukia upande wako wa kitanda. Mimi nalala upande wangu, siusogelei. Naitazama mpaka jua linapopanda na yenyewe inaondoka. Natamani ungeiona hata mara moja. Uliomba kitu kidogo, na kilikuwa ndani, hatua tatu tu kutoka ulipolala.

Unisamehe. Vile vikombe vya maua tulivyopewa siku ya harusi, ambavyo nilikuwa sitaki hata wewe uvishike, nimevitoa kabatini. Watoto wanavinywea uji. Jana Doto kavunja kimoja. Nilinyanyua mkono, nikaushusha, nikamwambia aokote vigae asije akajikata, kisha achukue kingine. Ndivyo nitakavyofanya mpaka viishe, nakuahidi.

Wabeja, baba, asante. Pumzika. Madirisha yako nitayafungua mimi kila asubuhi.

Mkeo,
Mama Kulwa