Vanishi Mara Saba

Risør, 9 Juni

Dada yangu Sunniva,

Salamu zikufikie huko Bergen pamoja na wapwa zangu. Kifua cha yule mdogo kimepona? Huku tunaendelea. Mkono wa Mama bado uko kwenye plasta, kahawa anainywa kwa mkono wa kushoto, na anawatukana shakwe kama kawaida yake.

Mumeo Oddvar sikumsalimu, na sababu unaijua. Mwanamume aliyeuza mazulia maisha yake yote, halafu kila masika anakuja kunifundisha mimi mbao! Mimi, mtoto wa fundi!

Ilianza siku ya usafi wa pamoja kwenye klabu ya boti, mwezi wa Aprili. Watu wote walikuwepo, hata mwenyekiti Halvdan, yule mwenye boti ya plastiki anayoifuta kwa leso kama pua ya mtoto. Kile kijukwaa cha mbao nyuma ya boti ya Baba, anachoshukia Mama majini kila asubuhi, kilikuwa kimepauka kabisa. Oddvar akainama, akakipapasa, akatangaza kuwa ni mtiki, kisipakwe chochote, kisuguliwe tu kwa maji ya chumvi. Ebo! Nikamwambia mbele ya watu kwamba ule ni mkangazi, unataka vanishi, na yeye arudi kwenye mazulia yake. Watu walicheka hadi kahawa ikawapalia. Shemeji akatabasamu tu, na tabasamu lile likaniudhi zaidi.

Basi nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara saba. Tuliposhusha boti majini, siku mbili kabla ya sikukuu ya taifa ya Mei Kumi na Saba, kijukwaa kiling'aa hadi Halvdan akakiona kipara chake. Majirani walinisifu, nami nikavimba kichwa.

Yaliyofuata unayajua. Jumapili ile Mama alipanda ngazi kutoka majini, miguu ikachuruza maji, akateleza, akavunjika kifundo cha mkono. Asubuhi hiyo Oddvar alikuwa amekiosha kijukwaa kwa sabuni, nami nikasema ni sabuni yake. Ukampigia simu ukamfokea, ukampiga marufuku kukanyaga kwa Mama. Naye Mama amesema bahari basi. Miaka sabini na nane, hajakosa kiangazi hata kimoja, sasa taulo lake limening'inia msumarini, kavu.

Sunniva, sabuni haikuwa na kosa. Siku ya kwanza nilipokwangua upande wa chini, mbao ilitoka rangi ya asali, yenye mafuta vidoleni, ikinuka ngozi ya viatu vya zamani. Nikadondosha maji, yakasimama matone matone bila kuingia. Ni mtiki. Nilijua papo hapo. Lakini nilikwisha kusema mkangazi mbele ya klabu nzima, basi nikaufunika kwa vanishi, na vanishi ikilowa ni utelezi mtupu. Baba hakuwahi kuipaka pale.

Na Oddvar alijua. Alikuwa amelala chali kando yangu akinishikia taa. Aliokota kipande cha maranda, akakinusa, akanitazama, akakitia mfukoni. Ulipomfokea, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Hakunitaja. Miaka kumi na miwili nimemdharau mtu huyu, kumbe wa kudharauliwa ni mimi.

Jana nimeikwangua vanishi yote. Mama akaja gatini kuuliza ninafanya nini, nikamweleza kila kitu. Yeye akauliza tu Oddvar atakuja lini. Amesema plasta ikitolewa ataoga, ila wa kusimama kwenye ngazi ni Oddvar. Mimi nikae gatini, nishike taulo.

Basi mwambie shemeji aje, na umwombe radhi, maana ulimfokea kwa ajili yangu. Nami nitamwomba yangu mbele ya Halvdan na kipara chake. Ila mazulia yake bado ni mabaya.

Wabusu watoto. Mama anakusalimu kwa mkono wa kushoto.

Mdogo wako mwenye aibu,
Torgeir