Kazi ya Leonia dampo

Wifi Skola,
Nimefika Mpanda salama, miguu tu imevimba kwa safari.

Jana Leonia alinipeleka kazini kwake, dampo. Maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka hukusanywa shimoni, na mwaka jana mvua ilizidi yakafurika mpaka kwenye mpunga wa watu. Sasa mwanetu anayachemsha kwenye tangi kwa joto la moshi wa jenereta, ambalo zamani lilipotea bure. Mvuke unapaa, yanabaki matope kidogo.

"Kumbe unalipwa kwa kukausha sufuria!" nikamwambia. Alicheka sana. Unakumbuka alivyokuwa akiacha maji ya ugali yakaukie motoni kwa kusoma, na marehemu kaka yako akisema, "Mwacheni asome, sufuria zipo"?

Akaja mama mwenye shamba la mpunga la jirani na fimbo yake, maana kila wiki anapima lile shimo mwenyewe. Akakuta maji yameshuka. Akamshika Leonia mkono: "Haya mwanangu, mvua inyeshe tu. Mimi napanda."

Wasalimie watoto, na wewe ule vizuri. Ukipita kaburini kwa kaka yako, mwambie.

Wifi yako,
Mama Leonia