Msindikizaji Halipi

Alhamisi usiku, Shika Adabu, Likoni

…na tena mbele za watu! Nimepunga mkono, basi limesimama, Kadzo akanivuta leso. "Mama, hilo si letu. Letu hukohoa likipunguza mwendo."

Mwanangu haoni tangu kuzaliwa, na ndiye aliyejua. Mimi nilidhani nimesoma kibao.

Letu lilipofika, makanga akaanza mzaha wake. "Mwalimu Kadzo alipe, mama msindikizaji apande bure! Leo nani kamleta mwenzake?" Basi zima likacheka. Nikamwambia hata akizaa kumi hapati mwalimu kama wangu, anayemjua kila mwanafunzi kwa hatua zake. Na ni kweli. Likoni hii nani kama yeye?

Lakini swali lile limeshuka nami. Hata ugali wa jioni nimekula nalo.

Ukungu huu wa macho sijamwambia mtu. Makanga akijua, ataniuliza napanda bure kwa kazi gani. Hilo dogo. Kila asubuhi mimi ndiye nimvushaye Kadzo barabara kuu, na siku hizi magari nayaona yakishafika. Je, nikimwambia "haya, twende," kumbe…

Mungu wangu.

Kabla ya kulala kaja kunipapasa uso, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Vidole vikasimama kwenye kope.

"Mama, ni tangu lini?"

"Tangu lini nini? Nenda kalale."

Akafika mlangoni, akageuka. "Basi kesho tusivuke mpaka nisikilize mimi."