Mistari Iliyojipanga Yenyewe

Ngoingwa, Thika
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Wavinya,

Nakusalimu kwa furaha nyingi. Hujambo huko Aberdeen? Magoti yanaendeleaje na hiyo baridi? Baba anasema ulizoea jua la Ithanga, kwa hivyo uvae soksi mbili. Sisi sote ni wazima, na mvua imeanza.

Shangazi, nimefaulu. Juzi nilitetea utafiti wangu wa masters mbele ya walimu, wakaupitisha.

Ulikuwa ukiniuliza kwa simu ninachofanya maabara, nami nakujibu "plastiki tu". Leo nitakueleza vizuri. Kuna plastiki mbili, moja ngumu na nyingine laini kama raba, zisizopatana hata kidogo, kama maji na mafuta. Lakini hizi zangu zimeungwa katika molekuli moja ndefu kama mnyororo: kila mnyororo nusu yake ni ngumu, nusu laini. Zinataka kutengana ila haziwezi kwenda mbali. Basi zikipata nafasi, ngumu hukaa na ngumu, laini na laini, mstari kwa mstari, yote myembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu. Siku moja huenda tukatengeneza vichujio vya maji vyenye vitundu vidogo namna hiyo.

Shida ni kwamba zangu zilikataa. Kila nikiangalia kwa hadubini naona ukungu mtupu. Msimamizi wangu, Dkt. Waithira, akaniambia kwa upole, "Kavata, muhula ukiisha bila picha ya mistari, itabidi tutafute mada nyingine." Nililia njia nzima hadi chumbani kwangu Kahawa Wendani. Baba naye alikuwa ameshaniuliza kama si afadhali nitafute kazi ya kufundisha.

Halafu Ijumaa moja stima zikapotea kabla sijakausha sampuli kwenye tanuri. Nikazifunika kwa bakuli la kioo zisiingie vumbi, pamoja na kichupa wazi cha dawa ya kuyeyushia plastiki kilichokuwa kando yake, nikaenda zangu. Jumatatu nilipoziangalia, mistari ilikuwa imejaa kote, imenyooka kama matuta ya mananasi.

Sikumwambia mtu. Nilikaa nikafikiri mpaka nikaelewa: tanuri lilikuwa likizikausha haraka, zinaganda kabla ya kujipanga. Mvuke wa ile dawa ndio uliozilainisha polepole zikapata nafasi. Nikarudia kwa makusudi, zikajipanga. Nikarudia tena, zikajipanga. Ndipo nikampelekea Dkt. Waithira. Aliitazama picha, akavua miwani, akasema, "Mada hatubadilishi." Sasa nimepewa nafasi ya kuendelea na PhD hapo hapo chuoni.

Leo kanisani mchungaji ameniita mbele nitoe shukrani, akaniomba nieleze nilichogundua. Kabla sijafungua kinywa, Mama akasimama kule wanakoketi akina mama. Kumbe zile jioni nilizokuwa nikifanya mazoezi ya kutetea utafiti jikoni hapa nyumbani, yeye akisonga ugali, alikuwa akisikiliza. Akaeleza yote, kuanzia ngumu na laini hadi mvuke, na hakukosea popote. Kanisa zima likampigia makofi yeye, nami nikapiga kuwashinda wote.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Nisalimie Uncle Kyengo na binti yenu Becky. Mungu akutie nguvu kila uingiapo zamu hospitalini, na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi binti ya kaka yako, akupendaye daima,
Kavata