Baba Lusubilo na Shaba ya Ngoma Yetu

Mzee Yonasi Nzunda, Itaka, Mbozi
Alituacha Juni 1982

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Lusubilo, tangu uifunike shuka ngoma kubwa ya bendi ya kanisa, ukasema unajinyoosha kidogo. Hukuamka. Mkeo Tabita bado anakulaumu kwa hilo, maana chai ilikuwa tayari.

Ulikuwa mkulima wa kahawa, lakini watu walikujua kwa ngoma. Shamba lako liliota magugu bila haya, ila ngoma hata vumbi haikulijua.

Tabita anakumbuka tulipohamia kijijini mwaka 1974. Nyumba ya kwanza kusimama ilikuwa jiko, naye akaipandisha ngoma darini, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu, ili wadudu wasiitoboe. Mbegu zilipona, na mbao zikapona. Lakini vile vibano vya shaba vinavyokaza ngozi, ambavyo rangi yake ya juu ilishabanduka zamani, vilishika moshi vikawa vyeusi kama chungu. Alingoja umgombeze. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, ukamwambia kwa kuwa ameikausha ngoma kama mbegu, sasa asubiri iote.

Kisha ukaanza kazi. Ulifungua kibano kimoja kimoja, ukakisugua kwa limao na majivu laini, ukakiosha na kukianika. Rafiki yako Zahoro, mwenye lori kule Tunduma, alikuletea kopo la vanishi kutoka ng'ambo ya mpaka. Ulimshukuru sana, ukaipaka kwenye mlango.

"Vanishi ikikwaruzwa, weusi unaingia chini yake, nami siufikii," ulimwambia. "Nta ikichakaa, napaka nyingine."

Ukalainisha nta ya nyuki kwa mafuta ya taa kidogo, ukaipaka shaba ingali na joto la jua, ukaifuta mpaka isinate. Tabita ulimfundisha hivyo hivyo, naye akawa na mkono mzuri kuliko wako, ingawa hukukubali hata siku moja.

Sheria yako ilikuwa moja. Shaba iliyosuguliwa haiguswi kwa mkono mtupu kabla ya nta, kwa sababu jasho la kidole huacha doa. Mchungaji mwenyewe ulimpa kitambaa, akakipokea. Mkweo alipokuja kumposa binti yako Enesi, ulimtazama viganja kwanza.

Mwezi huu Lusubilo, ambaye ndiye anayeipiga sasa, aliifunua ngoma ili aiandae kwa ibada ya kukukumbuka. Vibano vyote viling'aa chini ya nta yake, isipokuwa kimoja. Hicho ulikisugua siku ile ya mwisho, ukawa hujakipaka. Katikati yake pana alama ya kidole chako gumba, nyeusi, kila mstari unaonekana. Wewe, Baba Lusubilo. Kwa mkono mtupu.

Tabita alicheka kwanza, kisha akalia. Lusubilo akamweleza kwa upole kwamba kikiachwa hivyo kitazidi kuwa cheusi hadi alama yenyewe imezwe, na watu watasema mtoto wa Yonasi hajui kazi. Limao alikuwa amekwisha kulikata.

"Liache hilo limao, mwanangu," akasema. "Mimi sina picha ya baba yako hata moja. Niletee nta."

Akakianika kibano juani, akakishika kwa kitambaa, akapaka nta polepole juu ya kidole chako. Kazi hiyo anaijua. Akafuta mpaka isinate.

Leo kibano kipo mahali pake, upande unaotazama watu. Hakuna atakayekisugua. Nta ikichakaa, tutapaka nyingine.

Unakumbukwa na mkeo Tabita, wanao Lusubilo na Enesi, mkweo mwenye viganja vikavu, wajukuu zako, ndugu zako wa Hasamba na Ruanda hapa Mbozi, rafiki yako Zahoro wa Tunduma, ambaye mlango wetu bado unamtaja, pamoja na wanabendi wote wa Itaka.

Daima tutakukumbuka, Baba Lusubilo. Na ngoma yako tunaishika kwa kitambaa.