Samli Iliyobaki Kwenye Sufuria

Mama mpendwa,

Baridi ya Karatina inakutendeaje? Hapa Ngaremara joto linafanya vilima vielee hewani, na chai ya maziwa ya ngamia ina ladha ya moshi.

Juzi Mzee Ekai, mwenyeji wangu, alianguka kutoka kwa mkokoteni wa punda. Mgongo ukamuuma, kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Binti zake wakapasha samli moto wamkande, kama kawaida yao. Lakini mfukoni mwake niliona vidonge vya kufanya damu iwe nyepesi, kama vyako.

"Msimkande!" nikapiga kelele. "Pengine damu inavuja ndani ya mgongo!"

Tuling'oa mlango, tukamlaza juu yake, tukamfikisha hospitali akiwa amenyooka. Madaktari wakakuta kweli damu inavuja, wakamdunga dawa ya kusaidia damu igande, ndipo wakampasua.

Leo amechezesha kidole cha mguu. Tulikitazama kama watu wanaoona mvua ikija kwa mbali. Samli tumeila na wali.

Ukianguka, Mama, taja vidonge kabla mtu hajakugusa. Nakukumbatia polepole, maana najua ngozi yako inavyovilia damu haraka.

Wako,
Wanjiru