Samaki Aliyelea Wanawe Mdomoni

Mama yangu,

Assalamu alaykum. Goti lako vipi, ile dawa ya kuchua umeipata? Na mabati ya nyumba yaliyong'olewa na upepo yamesharudi juu? Mimi na Amade wazima, tumbo linakua. Kichwa tu ndicho kimevurugika.

Huku ziwani mambo yao siyaelewi. Nilipofika, nilichukua ndoo na kijiti nikakaa ufukweni, nangoja maji yatoke nikaokote chaza. Nikangoja weee! Mavyaa, mama yake Amade, akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Kumbe ziwa halitoki wala halijai! Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa kuna samaki mdogo, wanamwita chisawasawa. Maji ni maangavu, unamwona anachota mchanga mdomo tele, anatafuna, mchanga unatokea mashavuni. Nikasema huyu ana mimba kama mimi! Maana na mimi nalamba udongo, nisikufiche.

Juzi namtengeneza mmoja, namfungua mdomo nioshe mchanga, vikamwagika vitoto vidogo kama mtama, vina macho. Nikapiga ukelele, "Yallah! Kala wanawe!"

"Hajawala, mwanangu," mavyaa akasema. "Anawalea humo, na yeye hali kitu. Wakipata nguvu anawatoa wakacheze. Akiona hatari anawarudisha."

Sikumla, mama. Nililia, hata sijui nalia nini.

Siku vita vilipoingia kwetu ulinisukumia kwenye lori ukasema nenda, usigeuke. Nikaenda. Sasa mimba ya kwanza kwetu mtu huzalia kwa mama yake, na wewe kwenye simu leo unasema, "Njoo, kitanda nimetandika," kesho, "Usije, njia mbaya," keshokutwa, "Mbona unachelewa?" Mzigo nimeufunga, nimeufungua, nimeufunga tena. Amade anasema tumsikilize mama. Mama yupi sasa, wa jana au wa leo? Nikizidi kungoja nitashindwa hata kupanda gari. Ndiyo maana naandika. Kwenye barua utatulia useme neno moja.

Naogopa njia. Kuzaa bila wewe naogopa zaidi.

Nisalimie kaka Saide na mkewe, na shangazi Muaziza wa maandazi, mwambie huku hawajui kuweka iliki. Bibi nibusie mkono.

Ukisema nibaki, nitabaki. Lakini mwezi ukiandama hujajibu, nitajua umeniita.

Mwanao,
Atija